Maji ya Wiki

Siku hizi maji ya wiki huenda kwa mtaa unaoshinda vita vya miwani, mchezo wa kupigana ndani ya miwani ya kompyuta, na Jumamosi hiyo zamu ya kuupigania mtaa wake ilikuwa ya Bi Mwanahawa. Mitungi yake ilikuwa mikavu. Aliketi jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akavaa miwani, akashika bunduki ya plastiki.

Ndani ya miwani moshi ulitanda, naye alionekana humo amepiga magoti. Alimpiga mtu wa mtaa wa Bondeni risasi ya koo, damu ikarukia ukuta. Mara mpiganaji wa mwisho wa Bondeni, naye yuko kwake na miwani yake, akamwekea mtutu kisogoni. Bi Mwanahawa akakohoa.

Mtutu ukashuka. "Kumbe mtu mzima," ikasema sauti ya kijana. "Shikamoo, bibi. Inuka kwanza, magoti yatakuuma." Akamnyooshea mkono.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Bi Mwanahawa. Akaushika ule mkono, akammiminia risasi tatu kifuani.

Bomba la jikoni likakoroma, maji yakatoka. Mkwewe Chiku alikinga ndoo huku akicheka. "Mama, umewaweza. Njoo unywe."

Bi Mwanahawa alivua miwani. Kiganja chake kilikuwa bado kimekunjwa, kama kimeshika kitu.

"Wape watoto," alisema. "Mimi sina kiu."