Presha ya Baba Emmy

Nesi alipomaliza kumpima Kibe mkononi, alimwambia akunje suruali, akamfunga kile kitambaa cha kupimia presha mguuni.

"Sista, presha yangu iko huku juu," Kibe alisema.

Nesi alisoma kipimo, akarudia, kisha akatoka kumwita daktari. Mkononi presha ilikuwa ya kutisha. Mguuni ilikuwa chini mno, kana kwamba mguu ule ni wa mtu mwingine.

Picha zikapigwa. Daktari akamwonyesha mshipa mkuu unaotoa damu moyoni na kuishusha mwilini. Mahali pamoja ulikuwa umebanwa, mwembamba kama uzi.

"Ulizaliwa hivi, mzee. Ni wachache sana wanaofika umri wako bila kujua."

"Kwani si mambo ya nyumbani?"

"Hata ungeoa malaika, presha ungekuwa nayo."

Kwa miaka mingi Kibe alikuwa ameitangazia Kitale nzima kwamba mkewe, Nasimiyu, ndiye anayempandisha presha. Akicheka na majirani, presha. Akinyamaza, presha zaidi. Mboga zake zisizo na chumvi aliziita dharau. Mwishowe alimrudisha kwao Misikhu, Bungoma, mbele ya wazee wa pande zote mbili, akisema anaokoa maisha yake. Presha haikushuka. Kibe aliamini ni kwa sababu Nasimiyu anaendelea kumfikiria vibaya kutoka huko Bungoma.

Alipelekwa hospitali ya Eldoret, akapasuliwa, mshipa ukapanuliwa. Alipopata nguvu alinunua leso na sukari, akaenda Misikhu mwenyewe, bila kutanguliza mtu.

Alimkuta Nasimiyu uani akichambua maharagwe, amenawiri. Kibe aliketi, akamweleza yote, hata yale ya malaika.

"Kumbe haikuwa wewe, Mama Emmy. Nilikusingizia. Naomba unisamehe."

"Nilikusamehe kitambo, Baba Emmy." Akamimina chai. "Na kidonda kimepona?"

"Kimepona. Presha imeshuka kabisa."

"Asante Mungu."

Alilisema kwa dhati, na Kibe akapata moyo.

"Basi chukua nguo zako turudi Kitale. Si kile kitu kilichotutenganisha hakipo tena?"

Nasimiyu aliweka ungo chini, akapangusa mikono.

"Mimi pia nilikuwa na presha," alisema. "Dawa nilikuwa nazimezea jikoni, usinione. Nilipokaa hapa kidogo ikashuka yenyewe, daktari akaniambia niziache."

Akamsogezea kikombe.

"Yangu sikuzaliwa nayo."