Niulize Tena

"Mama, bado unatafuta kazi, au umekata tamaa?" aliuliza karani wa kukusanya maoni kuhusu ajira, kalamu mkononi.

"Andika amekata tamaa," wifi ya mama huyo alidakia. "Wenye vyeti wanasaga lami, sembuse mshonaji aliyeachishwa kiwandani? Hata cherehani yake mnunuzi anaijia leo."

Mshonaji alikitazama kidole gumba chake. Sugu ya sindano ilikuwa imeanza kulainika. Alfajiri alikuwa amemwomba Mungu mlango, japo mdogo.

Kalamu iliposhuka kwenye fomu, akaona mkanda wa mkoba wa karani umekatika, umeshikizwa kwa pini.

"Subiri, mwanangu." Aliiondolea cherehani shuka, akatunga uzi. "Lete huo mkoba. Nikimaliza, niulize tena."