Watatu kwa Mrushaji Mmoja

Simu ililia Darlene akimimina chapati ya maji ya mwisho kikaangoni. Vijana watatu wa besiboli, wapangaji wake tangu msimu uanze, wakaacha kula.

Mkubwa wao alisikiliza, akaiweka simu mezani polepole. "Bibi, timu imetubadilisha na timu nyingine. Sote watatu, leo hii."

"Wamepewa nani?"

"Mrushaji mpira mmoja. Ana miaka thelathini na tisa."

"Na bega lake?"

"Limeshonwa mara mbili."

"Basi wamenunua uzi," alisema Darlene. "Sisi mashabiki tutakaa uwanjani kutazama nyasi zikiota."

Mwanga wa asubuhi ulijaa jikoni kama maziwa. Vumbi jekundu la uwanja lilielea juu ya viatu vyao mlangoni, nao wakapita mmoja mmoja na mabegi, kama watu wa ndotoni.

Gari likiwa linanguruma, mdogo wao alirudi mbio. "Bibi, kitendawili cha jana hujatupa jibu. Anatoka nyumbani mbio, anazunguka, anaishia palepale."

Jibu lilikuwa mkimbiaji wa besiboli, anayeanzia kituo kiitwacho nyumbani na kurudi hapohapo, na kijana huyo ndiye aliyekuwa na mbio kuliko wote.

"Rudi kwanza," alisema Darlene, "ndipo nikupe."

Gari lilipotokomea, alitazama mlangoni. Jozi ya viatu vya yule mdogo ilikuwa bado pale, kamba zimefungwa vizuri.