Jibu la Twalib

"Twalib, nimekuoza binti yangu Mwanakheri," baba alirudia, akiikodolea macho simu iliyoegemezwa kwenye birika.

Bwana harusi alikuwa ughaibuni. Uso wake uliganda kwenye kioo, mdomo wazi.

"Asipojibu papo hapo, ndoa haifungiki," shehe alionya.

Nyuma ya pazia, Mwanakheri alisahau kuwa biharusi hapazi sauti. "Jamani, mtandao umeelemewa! Acheni kurusha harusi yangu mubashara! Zimeni simu zenu!"

Wageni wakazima mmoja mmoja, wakinung'unika. Mwanakheri akachungulia.

Picha ikafunguka, safi kabisa. Kiti cha Twalib kilikuwa kitupu, bado kinazunguka polepole.