Kadi Iliyogeuzwa

Neno la Kimisri cha kale ambalo baba aliliandika kwenye kadi kuwa ni "kufunga", kamusi iliyokuwa mapajani mwangu ilisema ni "kufungua".

Kwa miaka thelathini baba alilinganisha maneno ya Wamisri wale na mizizi ya lugha za Ulaya na India, yote ya kufunga: kamba, fundo, pingu. Kitabu chake kizima kiliegemea neno hili. Sasa alikuwa amelazwa, mapafu yamechoka, na mchapishaji alisubiri nihakiki kadi nitie sahihi.

"Vipi, mwanangu? Zimekaa sawa?"

Kidole chake cha kati kilikuwa bado na sugu ya kalamu, ingawa mkono wenyewe haukuweza tena kuinua kikombe.

"Zote ziko sawa, baba."

Nikatia sahihi mbele ya macho yake.

Akaivuta kwa vidole ile kadi ya "kufunga" kutoka mkononi mwangu, akaitazama.

"Maana ya neno hili niliigeuza mwenyewe, kabla hujazaliwa," alisema. "Nilikupa wewe uhakiki kwa sababu nilijua hutauachia uongo wangu upite."

Akageukia ukutani.