Nyuzi Nane

Kompresa ya kiyoyozi cha gari ilianza kulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kosa ni langu: asubuhi niliijaza gesi, oili nikasahau.

"Nakizima," nikamwambia binti yangu nesi, aliyebana boksi la chanjo kwenye tundu la hewa baridi. "Kompresa ikikwama itakata mkanda, na huohuo unazungusha pampu ya maji. Ukikatika, injini inachemka na hatufiki."

"Baba, barafu imeyeyuka. Chanjo zikipita nyuzi nane zinaharibika, watoto wote wanakosa."

Kipimajoto cha boksi kilisoma saba.

"Si ulijisifu umetengeneza viyoyozi vya ndege?"

"Vya ndege havina mkanda!"

Harufu ya mpira unaoungua ikatujaa puani. Bati la zahanati likachomoza juu ya kilima. Nikaweka kidole kwenye swichi ya kiyoyozi.

"Nane, Baba!"

Nikakiondoa kidole bila kuzima, nikakanyaga mafuta.