Chumba cha Havijawa

Siku hizi nyumba zetu hujengwa kwa kuiga mfupa. Ni nyepesi na imara. Panapokanyagwa hunenepa, pasipokanyagwa hukonda mpaka pakavunjika. Kila mwaka fundi wa mtaa hupita kupima sakafu, na chumba kilichokonda hukatwa.

Mama mmoja, jina lake Sikudhani, alijua kwamba chumba cha bintiye, Havijawa, kingekatwa, na hakuwa na kumbukumbu nyingine ya mtoto. Tangu binti apotee, miaka mitatu sasa, mama hakuwa na moyo wa kuingia humo. Alifagia akiwa amesimama mlangoni.

Fundi Shemdoe aliingia, akagonga sakafu, akagonga tena.

“Mama, hii nene kuliko ya jikoni! Uliita ngoma ya kigodoro humu, watu wakacheza usiku kucha?”

“Naishi peke yangu, baba. Hata paka sina.”

“Basi njoo uguse.”

Aliinama, akapapasa. Kutoka kitandani hadi dirishani sakafu ilikuwa imeinuka, ukanda mwembamba kama njia ya mtu mmoja.

Fundi aliandika, “Chumba kinatumika,” akaaga.

Sikudhani alishukuru, akalia, akaacha kulia. Jioni alisimama mbele ya gunia la mchele, kikombe mkononi, asijue apime wa watu wangapi.